Mama Apimwa Kumbukumbu

12 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Sisi huku wazima, ila baridi inatutesa.

Usinikasirikie, Mama. Dada ananiambia ukiulizwa hili unajibu lile, na kwamba mteja alitaka gauni la kijivu ukamshonea la kijani. Naogopa. Babu alianza hivihivi, mwisho akawa hanijui. Hospitali wana kipimo cha kumbukumbu. Nakuomba uende.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa afya. Mteja naye mzima, na kijani kimempendeza kweli. Mimi si baba yangu. Siendi.

Mama yako

15 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sikulazimishi. Ila nikija nyumbani nataka unijue. Basi.

Mwanao

6 Juni

Mwanangu mpenzi,

Salamu tele. Mjukuu wangu ameshaota meno?

Nilikaa kimya kwa woga. Maneno yako yaliniingia, nikaenda na dada yako. Daktari, binti mdogo mwenye barakoa, aliniambia nichore saa. Nikaichora na mishale yake. Akanitajia maneno ya kukumbuka. Nikakosa karibu yote. Dada yako akageukia dirishani ili nisimwone analia. Wakanitoa damu, watafute dalili za ugonjwa wa kusahau. Kungoja majibu kulitukondesha wote wawili.

Damu haikuonyesha kitu. Daktari akatafakari, akavua barakoa, akanitajia maneno mengine. Nikayarudia yote. Tukapiga soga, akaniuliza tena, bado ninayo.

"Mama," akasema, "wewe unasoma midomo?"

Nikamjibu kwamba kabla ya kushonea wateja nyumbani nilishona kiwandani tangu usichana, katikati ya mashine zinazonguruma. Bila kusoma midomo ningeelewana na nani? Nilidhani kila mtu hufanya hivyo.

Kumbe ni masikio, mwanangu. Akili ipo palepale. Amesema nirudi mwakani anitazame tena, nami nitarudi bila kusukumwa.

Sasa nimevaa vidude vya kusikilizia. Kumbe dada yako huimba akifua, tena anaimba vibaya. Nilipomwambia, tulicheka mpaka tukakaa chini, nguo zikabaki kwenye beseni.

Barua hii usiijibu. Piga simu. Sauti yako sijaisikia sawasawa tangu uondoke.

Mama yako