Nimemrudisha Nyota Njiani

Jumapili, mwezi wa nane, 2013. Nakivale, kambi ya wakimbizi, Uganda.

Leo vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Upepo unavuma tangu tulipotoka kanisani, mabati yanagongana, na mimi nimejifungia ndani nikisingizia kichwa. Kichwa hakiniumi. Naogopa.

Nianze na mchezo, maana wengine mnaosoma blogu hii hamuujui, na wengine mnaujua na mnaucheka. Ni mchezo wa kuigiza maisha. Hatuuchezi kwenye kompyuta. Tunavaa, tunasimama, tunaongea na kutenda kama watu tuliowabuni wenyewe. Sisi wa kundi la mjini Mbarara tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, kwenye chumba kilicho juu ya stoo ya baba yake Swaibu, mchezaji mwenzetu. Lakini makundi kama letu yako katika nchi nyingi, na wote tunaishi ndani ya dunia moja ya kubuni. Mhusika wa huku akitaka kwenda mbali, safari yake lazima ifuatiliwe: ametoka wapi, anapita wapi, nani anaweza kumkuta njiani. Akifika, mchezaji wake anatuma neno moja, "nimefika", na hapo ndipo anahesabiwa kule. Kabla ya neno hilo, yuko njiani tu.

Mfuatiliaji wa safari za kundi letu ni mimi.

Najua inachekesha. Mkimbizi asiye na pasipoti ndiye anayewaruhusu watu kuvuka mipaka. Swaibu alinipa jina la Bwana Barabara, na nililipenda jina hilo, sitadanganya. Wenzetu wa nchi za mbali wanaandika "amepanda ndege" na wamemaliza. Mimi nilikataa mambo hayo. Kwangu mhusika lazima aseme atalala wapi, atakula nini, nani atamfungulia mlango. Nilikuwa nawaambia kwamba sisi wa Nakivale tunajua safari ni kitu gani, kwa hiyo safari zetu ziwe za kweli. Nilisema hivyo kwa kujigamba kabisa.

Aliyependa ukali wangu kuliko wote ni Esta. Ni jirani yangu. Tumetoka milima ile ile juu ya Uvira, Kongo, ila sisi tulikimbia mapema, mimi nikiwa mtoto, na wao walikuja miaka mingi baadaye. Mhusika wake anaitwa Nyota, mwanamke anayeunga mifupa iliyovunjika. Mwezi uliopita tulikuwa tunatembea kutoka Rwekubo, humu humu kambini, akaniambia kwamba Nyota anataka kurudi nyumbani kumtafuta mdogo wake, aliyepotea siku walipotawanyika. Nikafurahi. Niliona hadithi imeiva.

Nikatoa dadu mfukoni, maana hatari za njiani tunazipima kwa dadu. Akanishika mkono.

"Acha dadu, Yakobo. Uniambie tu, weye ungepita wapi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Sikushtuka. Nilisikia sifa tu.

Nikampa njia nzima. Asafiri siku ya soko. Abebe maharage, aonekane mchuuzi. Mpakani asivuke peke yake, ajichanganye na wanawake wanaovuka kila siku na mizigo yao. Akifika Uvira asikae sana mjini, apande mlima asubuhi mapema. Na kule juu, nikamwambia, kuna kijiji cha marehemu nyanya yangu, kuna kanisa. Ataje jina la nyanya tu, watamfungulia saa yoyote na kumpa maziwa. Majina ya vijiji siyaandiki hapa, mtaelewa kwa nini. Esta aliyarudia yote kwa sauti, mahali kwa mahali, na kila alipokosea nilimrekebisha. Nikamsifu. Nikamwambia kama wachezaji wote wangekuwa kama yeye, kazi yangu ingekuwa tamu.

Jumamosi ya mchezo, wiki iliyopita, Esta hakuja. Nilidhani ana homa. Neno la "nimefika" nilikuwa sijalipata, lakini hadithi ilikuwa nzuri mno kuiacha ikae. Nikasimama mbele ya wenzangu, nikatangaza kwamba Nyota amefika salama, amepokelewa na watu wema, amekunywa maziwa. Wakapiga makofi. Nikawaandikia na wafuatiliaji wenzangu wa nchi nyingine: Nyota, amefika.

Leo baada ya ibada Mama Esta amekuja kwangu.

Esta alimuaga kwamba anaenda Mbarara kwenye mchezo, na kwamba atabaki huko siku kadhaa kwa rafiki yake kujifunza ushonaji. Simu yake haipatikani. Juzi mama wa watu alipanda gari mpaka Mbarara, akamkuta Swaibu dukani. Swaibu akamjibu kwa Kiswahili chake cha biashara: "Mama, huyo sisi hatukuona. Wewe uliza Bwana Barabara."

Kwa hiyo ameniuliza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtuliza, nimwambie wasichana wa siku hizi ndivyo walivyo, atarudi. Ndipo akasema jambo ambalo aliliona dogo tu.

"Na maharage yetu alibeba, nusu gunia. Kwani Mbarara banakosa maharage?"

Nilikaa chini, palepale mlangoni.

Nilimweleza yote: Nyota, mdogo wake aliyepotea, dadu, siku ya soko, wanawake wa mpakani. Nilipomtaja huyo mdogo, Mama Esta alifumba macho. Kumbe mtoto huyo yupo kweli, anaitwa Neema, na kuna mtu alileta habari kwamba ameonekana hai kule nyumbani. Mama Esta alimkataza Esta kumfuata. Ndiyo maana Esta alimuaga kwa uongo.

Nilipomaliza aliuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mu ile muchezo yenu, mutoto yangu alifika?"

"Alifika, Mama."

"Alilala wapi?"

"Kwa nyanya yangu. Pale kanisani."

Alinitazama, na niliona ananihurumia, mimi ambaye nimempoteza mtoto wake.

"Yakobo, mwanangu. Ile fasi haina tena batu. Sisi tulipita pale tukikimbia. Kanisa iliungua, majani iliota mpaka ndani. Esta hakuiona, yeye alikimbia na njia ingine."

Hakuna aliyewahi kuniambia. Na mimi sikuwahi kumuuliza mtu, ingawa Mama Esta, jirani yangu, alijua siku zote. Nilitaka kanisa lile liendelee kusimama. Miaka yote hii, nikikosa usingizi, ninakwenda kulala mle kichwani mwangu, kwenye benchi la nyuma, nasikia wanawake wakiimba. Njia niliyompa Esta ni ya mtoto aliyeondoka zamani. Sikuwa na njia nyingine, na sikumwambia hivyo. Nilimpa kwa sauti ya mtu anayejua.

Mama Esta hakunitukana. Nilitamani anitukane. Aliomba maji, akanywa, akaniambia nisizime simu, akaenda zake akiwa ameshika kitambaa chake cha kichwa upepo usikichukue.

Nimempigia Swaibu. "Wewe, usijiue na mawazo, bwana. Mchezo ni mchezo." Ananipenda, ndiyo maana anasema hivyo. Lakini maharage ni maharage ya kweli, na mlima ni mlima wa kweli.

Kesho asubuhi naenda na Mama Esta kwa mchungaji wetu. Ana ndugu Uvira, na kanisani watu wanajuana kuliko serikali inavyowajua. Watazunguka kwenye nyumba za waumini wakimuulizia. Labda bado yuko chini mjini. Labda alipumzika, labda alipata mtu wa kumwambia ukweli wa kule juu. Ninaomba iwe hivyo, na kuomba kwangu leo hakuna mapambo.

Kabla ya kuandika haya nimewatumia wafuatiliaji wote ujumbe mmoja: futeni, Nyota hajafika, nilitangaza kabla ya neno lake. Mmoja ameuliza kama kuna kanuni imevunjwa. Nimemjibu ndiyo, na aliyeivunja ni mimi. Kwa hiyo Nyota nimemrudisha njiani. Kazi ya ufuatiliaji naiacha, Swaibu atafute mwingine. Safari moja tu nitaendelea kuifuatilia.

Esta, wewe husoma hapa kila mara, hata nikiandika upuuzi. Kama umepata mtandao, popote ulipo: usipande mlima. Kanisa halipo. Watu wa nyanya yangu hawapo, na hakuna mtu wa kukufungulia. Niliyokuambia yote yalikuwa ya zamani. Mama anajua umemfuata Neema, wala hajakasirika.

Niandikie hapa chini neno moja, "nimefika". Hata kama ulikofika siko nilikokutuma.