Kidonge Chini ya Ulimi

Mgodini, Geita
15 Februari 1955

Kwa binti yangu Mbuke, pokea salaam. Mimi baba yako ni mzima, kuugua sikujui, hata meno yangu yote ninayo. Wewe na mjukuu wangu Limi mu hali gani huko Masumbwe?

Nakuletea pembe yangu ya ugoro kwa mkono wa Januari, yule dereva wa lori. Usitafute ugoro, ndani mna vidonge vya homa kumi na viwili. Hapa kila Jumatatu daktari anatupanga mstari, kila mtu kidonge kimoja, halafu anasema fungua mdomo. Kijana hana hata ndevu, anachungulia kinywa cha mtu aliyeua simba. Mimi nakiweka chini ya ulimi, nafungua, anasema vizuri. Nikifika nyuma ya bohari ninalolinda, natema. Kinakuwa kimeyeyuka kidogo, si neno. Wenzangu na wameze, waoga wale.

Mtoto akichemka mpe nusu, nusu weka. Dawa si ugali.

Baba yako, Maduhu


Masumbwe
20 Machi 1955

Shikamoo baba. Sisi hatujambo, mvua zinanyesha. Pembe ilifika. Limi alichemka, nikampa nusu, jioni akawa anadai michembe ya viazi ale. Majirani wamesikia, wanakuja na watoto wao, nawakatia robo robo. Wanakuita Daktari wa Geita.

Lakini wewe unabaki na nini kwenye mbu wote hao? Na Baba Limi anasema homa ikirudi tumpeleke hospitali kwa masista, Ushirombo.

Mwanao, Mbuke


Mgodini, Geita
5 Aprili 1955

Mbuke, salaam. Daktari wa Geita hajambo. Hilo jina wasiliache.

Huyo mumeo Thobias, aliyeniletea ng'ombe wanane na mmoja anachechemea, asinifundishe homa. Kwa masista nakukataza. Watu watasema dawa ya Maduhu imeshindwa. Hapa napo kuna Ignas, dresa, msaidizi wa daktari, ana viatu lakini hana akili. Kanifuata bohari: "Mzee, kidonge ni cha kumeza." Nikamwambia nimebeba mizigo ya vita vya Mjerumani, mbu waliokula damu yangu wote walikufa. Akaenda zake.

Haya, vingine hivi saba.

Baba yako, Daktari wa Geita


Masumbwe
19 Mei 1955

Shikamoo.

Limi yu hai. Homa ilirudi, nikampa nusu, haikushuka. Nikampa kizima, nikampa viwili. Siku tatu nilingoja kwa kuwa ulinikataza. Ya nne likaja degedege, macho yakapanda juu. Baba Limi hakuniuliza, alimfunga mgongoni akapanda baiskeli. Masista wakamchoma kwinini.

Sista alisema homa ya huku imevizoea vidonge hivyo, imeonjeshwa kidogo kidogo mpaka haviogopi. Nikawakumbuka nyani wa shambani kwetu, walivyokaa wakila karanga miguuni pa sanamu ya kuwatishia uliyoivisha koti lako.

Tangu siku hiyo Limi hasikii. Nimepiga sufuria nyuma yake, hakugeuka.

Nakurudishia pembe na vidonge vyako vilivyobaki.

Mama Limi


Mgodini, Geita
14 Juni 1955

Mbuke mwanangu, salaam. Hali yangu usiulize.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilimeza. Nikafungua mdomo, nikanyanyua na ulimi bila kuambiwa. Yule kijana akasema vizuri, kwa sauti ile ile ya siku zote. Hajui kitu yule. Miezi yote hiyo hajui kitu.

Ijumaa homa ikaniangusha mlangoni pa bohari. Ignas akanipa vidonge, kama amenipa mchanga. Tumelala saba humu wodini, na hawa sita walikuwa wakimeza kila wiki, wale waoga wangu. Homa ya hapa nayo imevizoea. Sasa tunachomwa kwinini wote. Masikio yananilia kama mashine ya kusaga mawe, Ignas akisema nami mpaka apige kelele. Nikajiambia, kumbe ndivyo alivyo Limi. Halafu nikaona hata hapo najisifu. Yangu yatanyamaza nisikie. Yake yeye yamekwisha kunyamaza kabisa.

Vidonge nimevitupa chooni. Majirani waambie Geita hakuna daktari.

Thobias mwambie yule ng'ombe hakuwa akichechemea.

Pembe nimeiosha kwa majivu mara tatu, Januari anayo. Mwambie Limi kwamba babu yake... Basi, usimwambie kitu. Mpe pembe ashike.

Babu Limi