Salamu na Bei ya Mbata

Jumamosi, 12 Mei 1956
Skukuu mosi, na mimi hoi kama niliyefunga miezi miwili. Bwana Shamsi, mkubwa wetu wa stesheni ya redio, hana habari na skukuu. Amesikia kwamba kijijini Kendwa redio ya barazani huzimwa kila nikianza habari za jioni na bei ya mbata, nazi kavu zetu. Kesho kutwa niende na gari la kipaza sauti, watu wanione, niwapendeze. Wasiporudi kusikiliza, habari za jioni atasoma Mabrouk, mtangazaji mwenzangu. Niwapendeze! Kwa sura hii?

Jumatatu, 14 Mei
Kendwa. Jua, vumbi, kipaza sauti kinakoroma. Nimetabasamu mpaka mashavu yanauma. Wamenishika mkono, wamenicheka, hakuna anayesema kwa nini wanatuzima. Mwisho nikamwamkia Bi Kidawa, muuza bajia. Shikamoo.

"Marahaba. Leo umengoja nikuitikie! Redioni mbona hungoji? Watwambia asalaam aleikum, hatujafungua mdomo ushafika kwenye bei ya mbata. Kutoa salamu suna, kuitikia faradhi. Watutia dhambini kila magharibi, mwanangu. Bora tuzime."

Watu wakaangua kicheko. Nilitaka kucheka nami, nikashindwa. Nimeona haya, haya za kweli.

Jumanne, 15 Mei
Nimemweleza Shamsi, nikaomba ninyamaze kidogo baada ya salamu, watu waitikie. Redio si baraza, kasema. Ukinyamaza, mtu atadhani betri imekwisha. Nikitaka kunyamaza, nikanyamazie nyumbani! Mke wangu, Mwanaasha, ananiambia nisijitie ushujaa. Ushujaa gani? Mimi nina usingizi tu.

Jumatano, 16 Mei
Nimesoma mbio kama kawaida. Kendwa wamezima, bila shaka. 

Alhamisi, 17 Mei
Naandika studioni, santuri ya taarabu inazunguka. Nimefanya! Nimesema asalaam aleikum — nikanyamaza. Lo, kimya kile!  Upande wa pili wa kioo Shamsi akainuka, ngumi kaikunja, uso umemwiva. Akafungua mdomo kunifokea. Sauti haipiti pale, lakini midomo niliiona vizuri: waaleikumu salaam.

Kaitikia! Mwenyewe akashtuka, akanikunjia uso upya. Nikasoma bei ya mbata, habari zote, nikaweka santuri. 

Inakaribia kwisha. Shamsi huyo, anafungua mlango — na Mabrouk yuko nyuma yake, anakitazama kiti changu.