Pikapu Yako Imepata Pua

Seif, Msagara wangu,

Usishtuke kuona barua. Najua kusoma hakukuwa ugonjwa wako. Hata gazeti lililofungiwa maandazi ulikuwa unampa binti yako Zuhura akusomee. Lakini nina habari za pikapu yako, na nikimweleza mtu mwingine ataona nimechanganyikiwa.

Msibani kwako nilifanya kazi yangu. Mimi Mnyamwezi, mjukuu wa kuli wa mkonge, na nyie Wasagara ni watani zetu tangu mababu. Nani mwingine angekutania? Nilijilaza mkekani katikati ya waombolezaji nikakoroma, ule mkoromo wako wa kuvuta hewa kwa mkupuo halafu kuiachia taratibu, kama ulivyokuwa ukilala kwenye usukani tukisubiri mpunga upakiwe Tindiga. Watu walicheka mpaka wakajifuta macho. Shemeji hakucheka. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba siku ile uliyotutoka, kilichomwamsha ni kimya. Alizoea kukoroma kwako miaka yote, kuliponyamaza akaamka, na wewe ulikuwa umeshakwenda. Tangu hapo halali, Seif. Akisinzia kidogo tu, kimya kinamwamsha.

Mimi sikulia. Mtani hatoi chozi msibani, unajua.

Alipotoka eda akaanza kuzungumzia kuuza gari. Zuhura analiendesha vizuri kuliko wewe, uniwie radhi, lakini likibeba magunia kuja huku Mikumi na jua likiwa kali, linakosa pumzi kwenye mwinuko na kuzimika. Mnunuzi kutoka Mvumi alishakuja kulizunguka na kupiga matairi mateke. Likiuzwa, Zuhura hana kazi, na mimi nabaki sina kitu chako cha kushika.

Ugonjwa wake tuliujua wote wawili. Injini inavuta hewa ya moto iliyokwishapita kwenye rejeta, wakati ilitakiwa ivute hewa baridi ya nje. Tulichoshindwa kukubaliana ni kupitia wapi. Wewe ulitaka kofia ya bati juu ya boneti, mdomo ukitazama mbele, “limeze upepo.” Nikakwambia litameza upepo, vumbi la Tindiga, mvua na panzi. Mimi nikataka bomba linalopanda kando ya kioo mpaka usawa wa paa. Ukasema, “Sibebi watalii mimi, nabeba mpunga.” Tulibishana mpaka wenzetu hapa Mikumi wakaiita gereji yangu bunge.

Nilimwomba shemeji asimjibu mnunuzi kwanza. Nikachomoa nyuzi za kiroba, nikazibandika boneti zima kwa soltepu, tukatoka na Zuhura kuelekea Ulaya, hii ya hapa Kilosa, kichwa changu kikiwa nje ya dirisha. Watoto wa njiani walinishangilia. Nyuzi za mbele zililala zote, upepo unazipita mbio. Zile za karibu na kioo zikawa zinazunguka na kurudi, maana hapo upepo unagonga kioo na kurundikana. Hewa ya kutosha ilikuwa pale siku zote, na sisi tunabishana.

Basi kofia yako nimeiweka, ila nimeigeuza. Mdomo unatazama kioo. Vumbi zito linapita juu yake, halijui kukata kona. Ndani nimeunga boksi la bati linaloibana eakilina, lile chujio la hewa, kwa mpira, isivute tena hewa ya moto, na nimeacha tundu dogo la kumwaga maji ya mvua. Mafuriko yakifika huko juu tutatafuta mtumbwi. Nusu umenishinda, nusu nimekushinda.

Kulikata boneti kulinitesa. Nilishika grainda nikaiweka chini, nikaishika tena. Rangi ile uliipaka mwenyewe kwa brashi, na michirizi yako bado inaonekana.

Jumamosi tukalijaribu na mzigo, kutoka Kilosa kuja Mikumi. Zuhura kwenye usukani, shemeji katikati, mimi mlangoni. Tulipofika kwenye mwinuko uliokuwa ukilizima, Zuhura akakanyaga mafuta na gari likapanda. Likapanda vizuri kabisa. Ila mdomo sasa uko karibu na kioo, kwa hiyo sauti inaingia mpaka ndani. Akikanyaga, linavuta hewa kwa mkupuo. Akiachia, linaishusha taratibu, kama wewe. Zuhura akanitazama. Mimi nikajifanya naangalia barabara.

Shemeji aliukamata mkoba wake kwa mikono miwili, akaukaza, halafu nikaona vidole vinalegea. Nilipogeuka, kichwa chake kilikuwa kimeegemea bega la Zuhura. Amelala, mdomo wazi kidogo, usingizi wenyewe hasa.

Tulipoingia Mikumi, Zuhura alitaka kusimama nikamwashiria aendelee. Tukapita sokoni, tukapita kwa mwenye mzigo anatupungia mkono, tukashika barabara ya Kidodi na mpunga wa watu mgongoni, tunachoma mafuta bila sababu ya kumweleza mtu, mpaka alipoamka mwenyewe akauliza mbona leo hatufiki. Wakati huo nilikuwa nimegeukia dirishani, nalia.

Nilimwambia shemeji kwamba ile kelele naweza kuipunguza kwa mpira mnene. Akasema, “Iache.” Mnunuzi wa Mvumi ameambiwa asirudi.

Sasa lala, Msagara. Nakuahidi eakilina nitaisafisha kwa mkono wangu kila msimu wa mpunga, na boneti hilo halibadilishwi maadamu mimi ni mzima. Kuhusu kulia kwangu, usinicheke. Mila inakataza msibani, na pale tulikuwa barabarani, tena matanga yalishaanuliwa siku nyingi. Sijavunja kitu. Kama unabisha, njoo tubishane.

Mtani wako,
Mashaka