Chungu cha Kulwa

Alhamisi jioni, Nyakato. Tangu asubuhi mawingu yamelala juu ya ziwa na mvua haijanyesha. Joto limekaba. Nimeshinda na hasira, na ningependa sana kuandika kwamba kuna mtu aliyeniudhi. Hakuna. Ni mimi.

Leo nimempeleka mama makumbusho.

Anaishi ng'ambo, Sengerema, na mwaka mzima amekuwa akiniuliza lini nitampeleka akakione chungu chake. Mwaka mzima nimekuwa na kazi. Jana akaja mwenyewe bila kupiga simu, na kitenge kipya, nikakosa pa kukimbilia.

Makumbusho yenyewe ni ukumbi mmoja tu, ndani ya ghala la zamani la pamba karibu na maji. Wamekusanya mabaki ya miji ya mwambao wa ziwa iliyokufa: mizani ya pamba, kibao cha duka, taa ya gati. Mwalukasa, nilikozaliwa, ni mmojawapo. Kulikuwa na jineri ya kuchambulia pamba, maduka na gati la meli. Meli zikaacha kuja, jineri ikafungwa, watu wakahama, kisha ziwa likapanda na kumaliza kilichobaki. Siku hizi wavuvi wanatega nyavu palipokuwa soko. Makaburi nayo yalikwenda na maji.

Katika makaburi hayo alikuwamo Kulwa, pacha wangu, aliyekufa tukiwa na miaka minne. Mimi ndiye Doto, ingawa huku Nyakato hakuna anayenijua kwa jina hilo. Nililiacha nilipobatizwa. Ukijiita Doto, swali linalofuata ni lile lile: Kulwa yuko wapi?

Kilichobaki cha Kulwa ni chungu. Kwetu Wasukuma mapacha wakizaliwa walifinyangiwa chungu chenye midomo miwili na tumbo moja. Mama alikitia maji na dawa akatunawisha. Baada ya msiba hakuacha. Aliendelea kukijaza, mdomo wangu na mdomo wa mwenzangu, kwa sababu pacha hapewi kitu peke yake. Siku tuliyohama Mwalukasa alikibeba kichwani. Vitanda tuliviacha.

Ni mimi niliyemshawishi akitoe. Nilimwambia nyumba yake inavuja, siku moja kitavunjika, na kwamba makumbusho wataandika jina la Kulwa na watu watalisoma hata sisi tukifa. Siku ya tatu akakubali.

Halafu wakanipa fomu.

Ilikuwa na nafasi ya kuandika kazi ya chombo na jina la mwenyewe. Jambo la dakika mbili. Lakini mimi ni katibu wa kwaya, na mchungaji wetu hana utani na mambo ya mila. Nilijua kwaya yetu imealikwa kuimba siku ya ufunguzi. Nikawaona akilini wenzangu wakiinama kusoma jina la ukoo wangu chini ya chungu cha dawa za mapacha. Nikaandika: "Chungu cha maji ya kunywa. Mwenyewe hajulikani."

Hakuna aliyenishika mkono niandike hivyo.

Leo mama amesimama mbele ya kioo. Hajui kusoma. "Wameandikaje, baba?" akaniuliza.

Nikamsomea: "Chungu cha Kulwa, wa Mwalukasa."

Akatabasamu, akaomba nirudie. Nikarudia, na safari hii nikaongeza jina la marehemu baba, kwa kuwa sikuombwa ushahidi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni.

Dada mmoja mwongozaji akaja na wageni watatu nyuma yake. "Shikamoo mayu," akamwamkia mama kwa adabu kabisa. Kisha akawageukia wageni na kuwasomea kibandiko kwa sauti. Chungu cha maji ya kunywa. Mwenyewe hajulikani.

"Hajulikani?" mama akasema. "Si mimi hapa? Nani kawaambia hajulikani?"

Dada wa watu akababaika. "Ndivyo ilivyo kwenye fomu, mayu. Sisi tunanakili tu alivyoandika aliyekileta."

Mama alijua nani alikileta. Aliweka kiganja kwenye kioo, na wale wageni wakasogea pembeni. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Ziwa lilipomchukua Kulwa na kaburi lake sikulilaumu. Maji hayamjui mtu. Wewe ulikuwa unamjua."

Nilitaka ardhi inimeze. Haikunimeza, nikabaki nimesimama na funguo mkononi.

Nyumbani mke wangu alikuwa amempikia mama sato na ugali wa muhogo. Hakugusa. Alichotaka ni mfuko wake na kivuko. Nimemsindikiza hadi kivukoni, akakataa nimbebee mfuko, na alipopanda hakugeuka nyuma. Nilingoja mpaka kivuko kikaondoka. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Yule dada wa makumbusho alikuwa ameniwahi mlangoni tulipotoka. Alisema kibandiko kinaweza kurekebishwa. Anayehitajika ni aliyejaza fomu, aandike barua akiri kosa lake na kueleza chungu ni cha nani na cha kazi gani, igongwe muhuri na mwenyekiti wa mtaa. Aliniambia kwa upole, kama anayempa mtu dawa.

Mwenyekiti wetu wa mtaa ni mzee wa kanisa letu. Hagongi muhuri kabla ya kusoma, na akisoma, kanisa zima limesoma.

Barua nimeshaandika. Nimetaja mapacha, nimetaja dawa, nimetaja Mwalukasa, nimeandika jina la mama kwa ukamilifu. Chini nimetia sahihi. Si ndefu. Imenichukua robo saa, nami nilimficha Kulwa mwaka mzima.

Ofisi ya mtaa inafunguliwa saa mbili asubuhi. Nitakwenda? Ningekuwa mtu wa maana nisingejiuliza. Ninajiuliza, na kinachonitia uchungu kuliko yote ni kwamba sababu ya kutokwenda tayari ninayo: kesho nina kazi.