Ukingo wa Nyuma ya Jiko

Mume wangu mpendwa, sheri wangu,

Miezi mitano ya ndoa, na minne kati yake uko Huye masomoni! Bado nikiandika neno "mume" nacheka peke yangu. Nalala upande wako wa kitanda, maana ukibaki mtupu nalia.

Unakumbuka wiki yetu ya kwanza hapa Nkanka? Maharusi wengine hupigana picha ziwani. Wewe ulinishika mkono ukanipeleka nyuma ya jiko, kwenye ule ukingo wenye unyevu, tukapiga magoti na nguo zetu nzuri. Ukanionyesha mmea bapa, umbo kama ini, umelala juu ya udongo katikati ya kuvumwani laini ya kijani, umesimamisha miavuli midogo yenye vidole.

"Sheri, hawa bote ni banamuke," ukaniambia. "Tena ni mwanamuke mumoja, anajirudilia tu. Bwana alipotea zamani."

Nikauliza, je, akipatwa na ugonjwa? Ukasema watakufa wote, kwa sababu wote ni sawasawa. Uliwaonea huruma kama majirani. Hapo nilikupenda upya.

Sasa nina jambo ambalo kwenye simu limenishinda.

Wiki uliyoondoka, mama yako alituma habari kwamba anakuja. Nilikuwa nimetoka tu kwenye gutwikurura, ile sherehe ya kumtoa bibi harusi ndani, nimefunuliwa na kuruhusiwa kushika kazi, na jembe jipya lilikuwa linaniwasha mikononi. Jirani yetu Maman Neema akachungulia juu ya ua: "Mariée, na ile uchafu ya kijani? Mama mukwe akiteleza, atasema umemutegea!"

Nikaparua ukingo wote mpaka udongo mweusi. Mama alinisifu sana. Alipoondoka ndipo nilipowakumbuka banamuke yako, nikakaa chini palepale.

Kila ulipouliza, "Banamuke yangu banaendelea?" nilijibu, "Bako muzuri."

Kila asubuhi nikawa namwagilia ule udongo mtupu. "Muntu ananywesha matope!" Maman Neema akacheka. "Mapendo imekuharibu kichwa."

Lakini kijani kilirudi. Nikafungua daftari uliloacha. Umeandika kwamba spora, lile vumbi la uzazi, huzikwa udongoni zikasinzia miaka na miaka, zikingoja mwanga. Huko chini wamo watoto wa vizazi vingi, wa baba mbalimbali, wasiofanana na walio juu. Nadhani jembe langu liliwafungulia mlango. Hawa wapya hawako sawasawa hata kidogo: wengine wana mstari mweusi mgongoni, wengine pindo jekundu. Na juzi, sheri wangu, mwavuli mmoja ulisimama bila vidole, bapa kama kifungo cha shati. Umeuchora vivyo hivyo daftarini, na chini yake umeandika: dume.

Nilipiga kelele mpaka Maman Neema akaja mbio.

Sijui kama hilo linatosha kunisamehe. Yule wa zamani uliyekuwa unamwamkia kila siku simtambui tena katikati ya hawa, na huenda nilimmaliza. Nimekudanganya kwa miezi minne, mimi ninayekupenda hivi.

Usinijibu kwa simu. Likizo ikifika, njoo unikaripie mwenyewe, karibu kabisa, nikisikia pumzi yako.

Mkeo,
anayekuhesabia siku hapa Nkanka