Baridi ya Chumba cha Juu

Hirschbronn, Jumapili baada ya ibada

Mdogo wangu mpenzi Heidrun,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikiomba barua hii ikukute wewe, Doug na watoto huko Kanada mkiwa wazima, na ule mguu ulioteguka kwenye barafu uwe umeanza kukubali kiatu. Huku hatujambo. Reinhold wangu kikohozi kimemwachia, nami nipo pale pale kwenye duka la mikate, narudi nyumbani nanuka hamira kama kawaida. Najua ungependa simu kuliko kusubiri posta, lakini haya nikiyasema kwa mdomo nitacheka au nitalia, na wewe hutaambulia kitu. Chukua kahawa yako, ukae.

Unakumbuka jinsi kaka yetu Ekkehard alivyobadilisha vali za rejeta zote zinazopasha vyumba joto nyumbani kwa Mama, tangu ile siku alipoanguka bafuni. Aliweka hivi vichwa vyeupe vinavyopima joto la chumba vyenyewe. Yeye akiwa kazini Stuttgart anaona kila kitu kwenye simu yake, na anaamuru kutoka huko huko: jikoni nyuzi ishirini na moja, chumba cha kulala kumi na saba, na kile chumba cha juu kilichokuwa cha Baba, kumi na tano basi, maana halali mtu. Kisha akavifunga, hata Mama akizungusha kwa mkono havisikii. Mama alilalamika kwamba amefanywa mtoto aliyefungiwa kabati la peremende, Ekkehard akamjibu ni kwa usalama wake, yakaishia hapo.

Baada ya Krismasi namba zikaanza kututisha. Kila Jumatano alasiri chumba cha juu kilishuka mpaka nyuzi kumi au kumi na moja, kikabaki hapo muda mrefu, kisha kikapanda. Ekkehard alisema ni dirisha limeachwa wazi na theluji yote hii. Akimpigia Mama, Mama anasema madirisha yamefungwa, mwanangu, wasiwasi wa nini. Na nani kati yetu angemwamini? Mama huyu aliyetulea kwa kufungua madirisha yote kila asubuhi, tukivaa soksi huku meno yanagongana, eti nyumba ipumue. Ekkehard akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mama anasahau, halafu anasahau kuwa amesahau. Alikuwa ameshampatia nafasi kwenye nyumba ya wazee Reutlingen na walitaka jibu mwezi huu. Na wewe uliniachia mimi, ukasema nitakachokiona kwa macho yangu ndicho utakachokubali. Heidrun, mzigo huo ulikuwa mzito. Ndani ya basi nilisali njia nzima, nikimwomba Mungu anipe moyo wa kusema ndiyo ikibidi, kisha nikimwomba isibidi.

Nilifika Jumatano bila kumpa taarifa. Nilipotazama juu kutoka barabarani, madirisha yalikuwa yamefungwa yote, na ndani watu wanaimba. Nilipanda ngazi. Kufungua mlango wa chumba cha Baba, joto likanipiga usoni kama ninapofungua tanuri kazini. Wamama watano wa kanisani wameketi na blauzi zao nyepesi, mashavu mekundu, makoti yamerundikwa kitandani kwa Baba, na Bibi Häberle anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Mama hakutahayari hata kidogo. Alisema kama nimekuja kusikia Neno nitafute kiti, na kama nimetumwa kukagua madirisha, ndiyo hayo.

Kumbe ukumbi wa kanisa haupashwi joto tangu vuli, na mchungaji alishauri kipindi chao cha Biblia kingoje majira ya kuchipua. Bibi Rapp, ambaye mapafu yake ni mabovu, aliuliza kama mchungaji amemhakikishia kwamba atakuwa hai majira hayo. Ndipo Mama akawaita kwake.

Niliuliza joto hilo wamelipata wapi, wakati vali imefungiwa nyuzi kumi na tano. Wakatazamana kama wasichana waliokutwa na sigara. Bibi Häberle akamwambia Mama, "Muonyeshe tu, mwenzangu, si damu yako huyu?"

Mama akainua kitambaa cha vyombo kilicholowa maji ya baridi, alichokuwa amekizungushia ile vali. Yenyewe, alisema, pua yake iko kichwani. Ukiifunika kitambaa kibichi inaamini chumba kizima kinaganda, basi inafunguka yote na rejeta inapata moto. Mara ya kwanza walijaribu mfuko wa njegere za kwenye friza, lakini joto likashuka ghafla mno, vali ikadhani dirisha limefunguliwa ikajifunga, wakasali na makoti. Bibi Häberle akasema tangu hapo walijua anataka taratibu, utadhani anamzungumzia ng'ombe.

Hapo hapo simu ikalia. Ni Ekkehard. Mama akaiweka kwenye spika tusikie wote, Ekkehard akawa anambembeleza, Mama yangu, huko juu ni nyuzi kumi na moja, tafadhali kafunge dirisha. Bibi Rapp anajifuta jasho la shingoni. Mimi niliuma skafu yangu. Mama alimjibu kwamba amechoka kuchunguliwa kama keki kwenye oveni, na kama anataka kujua kuna baridi gani, aje mwenyewe.

Alikuja saa hiyo hiyo. Wageni walikuwa wanavaa makoti alipopanda ngazi na viatu vyake vya theluji. Alipoingia tu, miwani yake ikajaa ukungu wa joto, akasimama mlangoni haoni kitu. Mama akampa kitambaa kile kile cha baridi ajifutie. Alikishika, akakitazama, akaitazama vali, akakaa kitandani.

Aliuliza kwa nini Mama hakumwomba tu. Mama akasema haombi ruhusa ya joto katika nyumba aliyoibebea mawe akiwa na mimba yake yeye. Ndipo Ekkehard alipotoa la moyoni, Heidrun, ambalo hata mimi sikulijua. Kwamba kila Jumatano, katikati ya kikao, akiona namba inashuka alimwona Mama amelala sakafuni chini ya dirisha lililo wazi, na hakuna wa kumwinua. Miezi yote Mama alidhani mwanawe analinda bili ya gesi. Akamvuta kichwa, akakiweka begani kwake, na viatu vile vinachuruzika maji kwenye mbao zake naye hakuvijali.

Nafasi ya Reutlingen imerudishwa. Mama anabaki kwake. Chumba cha juu kimerudishiwa vali ya zamani ya kuzungusha. Ya jikoni ameturuhusu kuitazama tukitaka, kwa sababu, alisema, hata akifa tutamkuta huko huko.

Sasa nikuungamie. Nimemwomba Ekkehard aniwekee hiyo ya jikoni kwenye simu yangu. Asubuhi, kabla sijafungua Biblia, naangalia namba kwanza. Mama akiamka anaizungusha kidogo kwa mkono, maana sasa inasikia. Naiona inapanda, najua kahawa iko motoni, ndipo nasali. Mungu anisamehe kwa kumtanguliza Mama, ingawa nadhani anaelewa. Mwambie Ekkehard akuwekee na wewe. Kwa saa za Kanada utaiona inapanda kabla hujalala.

Reinhold anakusalimu sana, na Bibi Häberle pia. Tubusie watoto, umpe Doug mkono wetu. Bwana awafunike nyote.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Gerlinde